Gari la Zuhura na Nati za Shemeji

Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Mwaka huu nimeyafuata. Nimewaachia gereji ninyi mliobaki, na sasa ninaamka asubuhi bila kujua niingie chini ya nini. Mmeniomba niandike niliyoyaona kazini, na wengine mlitaka siri za injini. Kuhusu injini kila mtu ana maoni, hata asiye na gari. Mimi nitaandika kuhusu breki, kwa sababu injini ikikataa unabaki nyumbani, lakini breki zikikataa unafika, tena mapema, mahali ambapo hukukusudia.

Nilizaliwa Tumati, kwenye nyumba ya mahindi, maharage na ng'ombe. Baba alinipeleka chuo cha ufundi akiamini naenda kujifunza cherehani. Hakuna aliyemdanganya. Alisikia neno "ufundi", akaona kwamba mimi ni msichana, akamalizia mwenyewe. Nilipohitimu alikuwa bado anamwambia mama asubiri nije nimshonee gauni la sikukuu. Nikarudi na ovaroli yenye grisi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba alichukua muda mrefu zaidi.

Kazi ya kwanza niliipata kwenye karakana moja ya misheni huko juu Mbulu. Mkuu wake alikuwa Fundi Anselm, mzee mwembamba mwenye masikio makubwa, ambaye alizungumza Kiswahili na wateja na Kiiraqw na magari, hasa yakimuudhi.

"Shikamoo, fundi," nikamwambia siku ile ya kwanza.

"Marahaba. Jikoni ni mlango wa pili."

"Sikuja jikoni, mzee. Nimetumwa na chuo, nije kwenye magari."

Aliniangalia mikono, si uso. Kisha akafungua mlango wa pikapu iliyokuwa inasubiri matengenezo. "Panda."

Tukashuka mteremko. Akakanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena, kimya. Tulipofika chini akauliza, "Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, mzee."

"Hukusikia, au hukusikiliza?"

Tukapanda, tukashuka tena. Safari hii niliweka mkono kwenye dashibodi, nikaona usukani unachezacheza mikononi mwake kila anapokanyaga. Nikamwambia. Hakunisifu, lakini hakunitajia jikoni tena, na kwa Anselm hiyo ilikuwa sherehe.

Aliyonifundisha ndiyo niliyowafundisha ninyi. Ukikanyaga breki usukani ukacheza, anzia mbele. Kiti kikicheza, anzia nyuma. Pedali ikikupiga mguu kama inapumua, kuna diski au dramu isiyo sawa. Na gari likitetemeka hata hujagusa pedali, hilo si la kuendelea nalo: simama, shuka, angalia tairi. Kuhusu kelele alikuwa na sheria moja, kwamba usimuulize mteja kelele ikoje, muulize inaanza lini na inanyamaza lini. Mteja ukimuuliza ikoje ataiigiza kwa mdomo, na utapoteza asubuhi nzima.

Alikuwa na kipimo kidogo chenye uso kama wa saa na mshale mmoja, cha kupimia kama diski inazunguka imenyooka au inayumba. Kosa ambalo jicho haliwezi kuliona, mshale unaliona. Alikihifadhi ndani ya soksi ya sufu. Alipostaafu alinipa kipimo, soksi akabaki nayo. Mbulu kuna baridi.

Wateja wa siku zile walinisalimia vizuri sana, kisha wakaniuliza fundi yuko wapi. Nilizoea kuwajibu, "Anakuja." Naingia ndani, navaa ovaroli, natoka.

Baadaye nikaolewa na Emanueli, mwalimu wa shule ya msingi, tukahamia Katesh. Kaka yake mkubwa, Yohana, alikuwa na kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara ya Babati kwenda Singida, na akanipa nafasi jirani yake nifungue gereji. Lazima niseme wazi: bila shemeji Yohana nisingekuwa na kazi Katesh. Mtu akija kuziba pancha, shemeji alimwambia, "Na hiyo kelele, mpelekee shemeji yangu. Ni mwanamke lakini anajua." Ile "lakini" niliivumilia kwa miaka mingi. Ilikuwa inaleta wateja.

Yohana alikuwa mtu mkubwa. Siku za mnada watu walisimama kumtazama akikaza nati. Aliweka spana, akachomeka bomba refu kwenye mpini wake, akakaza nati ya kwanza mpaka mwisho, kisha akapanda juu ya bomba kwa miguu yote miwili na kuruka. Gari lilitikisika. Akaenda nati iliyofuata. Watu walisema nati iliyokazwa na Yohana hailegei mpaka siku ya kiama. Mimi nilikuwa nashindana nazo kila siku, na niliamini walichokisema.

Ndipo akaja Zuhura.

Zuhura alikuwa nesi mkunga, mwenyeji wa Tanga, amepangiwa kazi kwenye zahanati moja huko vijiji vya Endasak, kwenye miteremko ya mlima. Alikuja huku na Kiswahili chake laini, na sisi huku Kiswahili tunakitembelea kama njia ya mawe, kwa hiyo mwezi wa kwanza wagonjwa walidhani anawaimbia. Alikuwa na gari dogo la zamani, rangi yake imepauka na jua, alilolileta kutoka kwao. Gari la wagonjwa la eneo letu lilikuwa na vijiji vingi vya kuzungukia. Mama mwenye uchungu akihitaji hospitali, na gari lile liko mbali, Zuhura alimlaza kiti cha nyuma na kushuka naye mwenyewe mpaka Katesh.

"Fundi," aliniambia siku ya kwanza, "gari langu lina magonjwa mawili. Nikishika breki linatetemeka, na lina kelele. Nimeshalipeleka kwa watu. Wamebadilisha kila kitu isipokuwa mimi."

"Kelele inaanza lini?"

Alifikiri kwanza. Nilimpenda hapo hapo. "Zipo mbili. Nikiwa karibu kusimama, inalia kama filimbi. Na nikipita kwenye mashimo, inagonga huko mbele, kama vijiko ndani ya sufuria. Lakini nikigusa breki kidogo, ile ya vijiko inanyamaza."

Kwa maelezo hayo ningeweza kulitengeneza gari nikiwa nimekaa. Kelele inayonyamaza ukigusa breki ni pedi zinazocheza ndani ya kalipa, kile chuma kinachozikandamiza kwenye diski. Nilipofungua magurudumu ya mbele nilikuta vibanio vidogo vya chuma vinavyozishika pedi havipo kabisa. Fundi fulani kabla yangu alivitoa wakati wa kufungua, akafunga vikabaki mezani, akaamua kwamba kiwanda kilizidisha. Pedi zenyewe zilikuwa zimekuwa ngumu na kung'aa kama kioo. Hapo ndipo ilipotoka filimbi. Pini ambazo kalipa inatelezea zilikuwa zimekauka, moja nikaitoa kwa nyundo na maneno.

Nikaweka pedi mpya na vibanio vyake, nikasafisha pini na kuzipaka grisi yake, nikapaka kidogo migongoni mwa pedi. Diski nilizipima nikakuta hazina unene sawa, nikazipeleka Babati kwa fundi wa kukereza vyuma. Kabla ya kuzirudisha nikasugua kutu kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa brashi ya chuma, maana diski ikikaa juu ya kutu haikai sawa. Nikamchukua Zuhura, tukaenda kulijaribu kwenye lami. Akakanyaga breki. Kimya, na usukani umetulia.

"Alhamdulillahi," akasema.

"Amina," nikasema mimi, na tukarudi tukiwa tumeridhika, kila mtu kwa upande wake.

Baada ya wiki kadhaa akarudi. Kelele zilikuwa hazipo, lakini kutetemeka kumerudi. Nikapima diski: unene umeharibika tena. Nikadhani chuma kimechoka, tukaweka diski mpya. Likatulia. Zikapita wiki nyingine, likarudi tena.

Katesh si mji mkubwa. Watu walianza kunishauri. Mchungaji mmoja alijitolea kuliombea gari. Mteja wangu mmoja, mfanyabiashara wa ng'ombe, alisema gari lililotoka baharini haliwezi kukubali milima. Mume wa Zuhura, aliyekuwa Tanga, alipiga simu kutaka kuzungumza na "fundi mwenyewe". Nikamwambia ndiye mimi. Akaniomba nimpe mwanamume. Nikampa Emanueli, ambaye anafundisha historia. Walizungumza vizuri sana.

Shemeji Yohana yeye alimwambia Zuhura mbele yangu, "Uza hilo gari, sista. Shemeji yangu amejitahidi."

Hilo la "amejitahidi" liliniuma kuliko simu ya Tanga.

Asubuhi moja Zuhura alikaa kwenye benchi langu na kikombe cha chai, nami nimekaa juu ya tairi nikiangalia zile diski kama mtu anayeangalia watoto waliofeli. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Kila ninapolitoa hapa liko sawa.

"Mara ya mwisho lilipoanza, nini kilitokea siku iliyotangulia?" nikamuuliza.

"Hakuna. Nilikuwa nyumbani."

"Na mara iliyotangulia?"

"Hakuna pia." Akaweka kikombe chini. "Fundi, wewe unauliza kuhusu jana. Mgonjwa wa malaria mimi simuulizi kuhusu jana. Mbu akikuuma leo, homa haianzi leo. Inajificha kwanza. Niulize wiki zilizopita."

"Haya. Wiki zilizopita?"

"Pancha. Zile njia za Endasak zina mawe. Nilipata pancha." Akafikiri. "Na ile mara nyingine pia, pancha. Na kabla sijaja kwako, pancha."

"Aliziba nani?"

Wote wawili tuligeuza shingo. Hatua chache kutoka pale, shemeji Yohana alikuwa juu ya bomba, anaruka.

Nilisubiri aende kula. Nikatoa gurudumu, nikaifunga diski kwenye habu kwa nati zake, nikiweka washa, kile kipete cha chuma, chini ya kila nati. Nikazikaza polepole, kwa kuvuka, hii kisha ya ng'ambo yake, kidogo kidogo. Nikaweka kipimo, nikazungusha. Mshale ukalala, karibu usisogee kabisa. Kisha nikalegeza, nikachukua bomba la shemeji, nikakaza nati moja mpaka mwisho kabla ya kugusa nyingine, kwa nguvu yangu yote, ambayo si nusu ya nguvu yake. Nikazungusha. Mshale ukaanza kwenda na kurudi.

Zuhura aliona. "Ndiye mbu," akasema.

Ndivyo ilivyo, vijana. Diski ikivutwa upande mmoja inayumba kidogo sana, na siku ile hutajua. Lakini kila mzunguko inagusa pedi mahali pale pale, inalika pale pale, na baada ya wiki kadhaa unene unapoteza usawa. Hapo ndipo usukani unaanza kucheza, na wewe umeshasahau pancha.

Kujua ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kumwambia kaka mkubwa wa mume wangu, aliyenipa kiwanja cha gereji, kwamba ile sifa yake inayojaza watu siku za mnada ndiyo inaharibu magari. Nilimweleza Emanueli jioni ile.

"Lazima useme?" akaniuliza.

"Zuhura anashusha akina mama wenye mimba kwa gari lile."

Emanueli alifunika daftari alilokuwa anasahihisha. Kisha akasema, "Basi sema. Lakini kwa heshima. Na mimi niwe shuleni."

Nikamwendea asubuhi, kabla wateja hawajafika, ili nisimwaibishe. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, shemeji. Habari za huko?"

"Nzuri. Naomba nikuonyeshe kitu kwenye kipimo."

Akaja. Nikamwonyesha mshale ukilala, nikamwonyesha ukicheza. Nikamweleza pia kwamba bolti zinazoshika tairi zikikazwa kupita kiasi zinavutika, na kilichovutika kinaweza kukatika. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa adabu.

"Kwa hiyo unasema nikaze kidogo," akasema. "Tairi ling'oke, watu waseme Yohana ameua."

"Sijasema kidogo, shemeji. Nimesema sawasawa."

"Nilikuwa nakaza nati wewe ukiwa shuleni." Akafuta mikono. "Saa yako hiyo ni nzuri. Iendelee kukaa kwako."

Kwa majuma yaliyofuata hakuniletea mteja hata mmoja. Salamu zilikuwepo, kamili, shikamoo na marahaba, lakini marahaba yake ilikuwa imekauka kama zile pini. Jumapili baada ya ibada alikaa benchi la upande wa pili. Mama mkwe alimuuliza Emanueli nimekosa nini. Emanueli alimjibu kwamba ni mambo ya mshale, na mama mkwe, ambaye baba zake walikuwa watu wa mikuki, akashtuka sana.

Zuhura nilimwonya asikaziwe nati na mtu mwingine. Alikubali. Lakini pancha haiangalii ratiba. Siku ilipompata tena nilikuwa nimekwenda Babati kutafuta vipuri, na yeye alikuwa na haraka, mvua imeanza kunyesha, kuna mama huko juu ambaye mimba yake ya kwanza ilikuwa inamtia wasiwasi. Yohana alimziba, akamkazia mwenyewe. Baadaye alinieleza kwamba alikaza zaidi ya kawaida, kwa sababu ya mvua.

Wakati wa kushuka, yule mama yuko kiti cha nyuma na mama yake mzazi amemshika, Zuhura alihisi gari linatetemeka. Akaangalia mguu wake. Haukuwa kwenye breki. Alikuwa ameshanisikia nikisema yale maneno ya Anselm mara nyingi, kwa sababu huwa nayasema kwa kila mteja hata asiyetaka. Akasimama pale pale, kwenye tope, upande wa mlima. Akashuka. Bolti mbili za gurudumu la mbele zilikuwa zimekatika na nyingine zimelegea. Mbele yake barabara ilikuwa inakunja na kushuka.

Mtoto hakusubiri. Alizaliwa ndani ya gari lililosimama, mvua ikipiga bati la juu, mkunga akiwa na tochi ya simu mdomoni. Mtoto wa kiume, mwenye sauti. Mwalimu mmoja aliyepita na pikipiki alikuja Katesh kuita msaada, akafikia kwenye kibanda cha kwanza alichokiona. Kilikuwa cha Yohana.

Mimi niliporudi kutoka Babati, kibanda kilikuwa kimefungwa. Shemeji alikwenda huko juu na pikapu ya jirani yake. Aliwabeba mama, bibi na mtoto, akawafikisha hospitali wote salama, akiendesha, kwa maelezo ya Zuhura, kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Kisha akarudi kulitazama lile gurudumu peke yake.

Kesho yake asubuhi alisimama mlangoni kwangu. Alikuwa ameshika vipande viwili vya bolti. Nikamwamkia, akaitikia, akaviweka mezani kwangu.

"Zimevutika," akasema. "Katikati zimekuwa nyembamba."

"Ndiyo, shemeji."

"Ile saa iko wapi?"

Nikaitoa. Alikaza nati mwenyewe, akazungusha diski mwenyewe, akautazama mshale. Akalegeza, akakaza tena kwa kuvuka. Nilimwacha, nikaenda kuchemsha chai. Nilipotoka bado alikuwa anazungusha. Hakusema samahani na mimi sikuisubiri. Alikunywa chai vikombe viwili, akaondoka na bomba lake, na wiki ile nikaliona limegeuzwa nguzo ya kuanikia taulo.

Kilichofuata sikukitegemea. Shemeji Yohana akawa mhubiri. Mteja akija, kabla hata ya kuuliza pancha iko wapi, alimweleza kuhusu kukaza kwa kuvuka, kidogo kidogo, kwa spana ya mkono bila bomba. Alimweleza kuhusu kutu ya kwenye habu. Aliwasimamisha madereva wa malori kuwaambia habari za kuvutika kwa bolti. Siku moja alinikuta nakaza gurudumu, akasimama nyuma yangu. "Shemeji," akasema mbele ya wateja, "polepole. Usiharibu diski za watu."

"Asante, shemeji," nikamjibu.

Zuhura aliyekuwa amekaa kwenye benchi aliinamia kikombe chake mpaka mabega yakatikisika.

Gari lile liliendelea na kazi mpaka Zuhura alipohamishwa, na halikutetemeka tena. Alilipeleka kwao Tanga, na mume wake, nasikia, huwaambia watu kwamba lilitengenezwa na fundi mmoja mzuri sana wa Katesh, bwana Emanueli.

Mliponifanyia ile hafla ya kuniaga, mlimwomba shemeji aseme machache kwa niaba ya ukoo. Mlikuwepo, mlimsikia. Alisimama na suti yake, akaeleza jinsi alivyonipokea Katesh, jinsi nilivyokuwa mwanamke lakini mwenye bidii, na jinsi alivyonielekeza mambo mengi ya breki, hasa kukaza nati. Mlipiga makofi. Emanueli alinitazama kwa hofu. Mimi nilipiga makofi kuliko wote.

Alipokaa, aliinama upande wangu, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nimesema vizuri?"

"Vizuri sana, shemeji."

Akanyoosha tai yake.

"Kile kipande cha kuruka juu ya bomba," akasema, "nimekiruka. Hotuba ingekuwa ndefu."